Jiometri Inapokwama: Dalili, Vyanzo na Tiba kwa Wanafunzi wa Sekondari ya Chini

Mwalimu wa hisabati anaposema kwamba wanafunzi wake hawaelewi jiometri, mara nyingi anakuwa amekusanya matatizo manne au matano yasiyofanana na kuyapa jina moja. Yuko mwanafunzi asiyeutambua mraba ukigeuzwa. Yuko anayezitaja sifa zote za msambamba, yaani pembenne yenye pande zinazoelekeana zilizo sambamba, lakini hajui azifanyie nini. Yuko anayekariri uthibitisho neno kwa neno na kukwama mara tu herufi za mchoro zinapobadilishwa, na yuko pia anayeielewa jiometri vizuri ila lugha ya mtihani ndiyo inayomshinda. Wote hao wakipewa dawa moja, yaani maswali zaidi ya aina ileile, atapona mmoja kwa bahati na wengine watazidi kulichukia somo.

Mwongozo huu unawahusu wanafunzi wa umri wa miaka 12 hadi 15 hivi, walio Kidato cha Kwanza na cha Pili nchini Tanzania au Gredi ya 7 hadi ya 9 katika sekondari msingi ya Kenya. Umepangwa kwa dalili: tafuta ile unayoiona darasani, fanya jaribio lililoelezwa ili ukithibitishe chanzo, kisha ndipo uende kwenye tiba. Sehemu mbili za mwanzo zisirukwe, kwa kuwa dalili karibu zote zinatafsirika vibaya bila hizo.

Ngazi za fikra, na kwa nini hazirukwi

Mwaka 1957 walimu wawili wa sekondari wa Uholanzi, Pierre van Hiele na mkewe Dina van Hiele-Geldof, waliwasilisha tasnifu zao za udaktari katika Chuo Kikuu cha Utrecht. Swali lao lilikuwa la mwalimu yeyote aliyechoka: kwa nini ninaeleza vizuri, wao wanaitikia kwa vichwa, na mtihani ukifika hakuna kitu? Jibu lao lilikuwa kwamba fikra ya kijiometri hukua kwa ngazi, na kwamba mwalimu na mwanafunzi walio katika ngazi tofauti hawaelewani hata wanapotumia maneno yaleyale.

Katika ngazi ya kwanza mwanafunzi hulitambua umbo kwa sura yake nzima: huu ni mstatili kwa sababu unafanana na mlango. Katika ngazi ya pili anaona sifa, kwamba mstatili una pembe mraba nne (za nyuzi 90) na pande zinazoelekeana zilizo sawa, lakini kwake sifa hizo ni orodha tu isiyo na mpangilio. Katika ngazi ya tatu anaanza kuona kwamba sifa moja inazaa nyingine, kwamba fasili fupi inatosha, na kwamba umbo moja linaweza kuwa aina ya umbo jingine. Ngazi ya nne ni ya uthibitisho kamili unaojengwa kutoka kwenye misingi iliyokubaliwa, na ya tano, ya kulinganisha mifumo mizima ya jiometri, ni ya chuo kikuu na haituhusu hapa.

Jambo la kushika ni kwamba hakuna anayefika ya tatu bila kupita ya pili, na kwamba kupanda huko hakuji na umri peke yake bali kwa kazi ambayo mwanafunzi ameifanya kwa mikono, kwa macho na kwa maneno yake. Muhtasari wa Kidato cha Pili unaofundisha maumbo yaliyo sawasawa, mfanano na kanuni ya Pythagoras unamchukulia mwanafunzi kuwa yuko karibu na ngazi ya tatu. Wengi wanaingia kidato hicho wakiwa kati ya ya kwanza na ya pili. Hali hiyo si ya Afrika Mashariki peke yake: mradi wa Chuo Kikuu cha Chicago ulioongozwa na Zalman Usiskin, ambao ripoti yake ilitoka mwaka 1982, ulikuta wanafunzi wengi wa Marekani wakilianza somo la jiometri wakiwa chini ya ngazi ambayo uthibitisho unahitaji.

Kabla ya yote, itenge lugha

Mtoto wa Kitanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali amejifunza hisabati kwa Kiswahili kwa miaka yote ya msingi, na akifika Kidato cha Kwanza anakuta maumbo yaleyale yana majina mapya ya Kiingereza na maswali yana miundo ya sentensi ambayo hajawahi kuisikia. Anaponyamaza ubaoni, mwalimu anaandika kwamba hajui. Huenda ni kweli, huenda si kweli.

Jaribio ni rahisi. Mpe swali lilelile kwa Kiswahili, kwa mdomo, mchoro ukiwa mbele yake, kisha mwache aoneshe kwa kidole. Akiweza kusema kwamba "upande huu na huu ni sawa kwa sababu pembetatu hizi mbili zinaingiliana kabisa", basi fikra anayo, na kinachokosekana ni msamiati. Huyo asirudishwe kwenye kukata makaratasi. Aandikiwe daftari la istilahi lenye safu tatu, yaani neno la Kiswahili, neno la Kiingereza na mchoro mdogo, na aruhusiwe kueleza hoja kwanza kwa lugha anayoimudu kabla ya kuiandika kwa lugha ya mtihani. Akishindwa na kwa Kiswahili pia, endelea na uchunguzi.

Karatasi ya uchunguzi ya dakika 30

Darasa la wanafunzi 70 haliruhusu mahojiano ya mmoja mmoja, hivyo karatasi ya maswali manne inatosha kuanzia. Swali la kwanza lioneshe pembenne nane zilizochorwa katika mielekeo mbalimbali, mraba ukiwa umesimama kwenye kona yake, na mwanafunzi aweke alama kwenye miraba yote. Swali la pili limtake aandike kila anachokijua kuhusu pande, pembe na milalo (mistari inayounga kona zinazoelekeana) ya msambamba. La tatu liulize: je, kila mraba ni mstatili? Eleza. La nne liulize kwa nini pembe tatu za ndani za pembetatu hujumlishwa kuwa nyuzi 180, likisisitiza neno "kwa nini".

Anayekosea la kwanza yuko ngazi ya kwanza au hajaifikia. Anayepata la kwanza na kuandika sifa chache sahihi katika la pili, lakini akakana katika la tatu, yuko ngazi ya pili. Anayekubali la tatu kwa sababu inayoeleweka anaingia ngazi ya tatu, na la nne linaonesha kama ameanza kuona haja ya hoja. Karatasi hii haina maksi. Ukiipa maksi wataanza kuigizana, na utakuwa umepima uwezo wa kunakili.

Dalili: umbo likigeuzwa, jina linabadilika

Mraba uliosimama kwenye kona unaitwa "uru", kama ule wa karata. Pembetatu iliyo na kitako juu inaitwa "iliyopinduka", na pembe mraba inatambulika pale tu mkono mmoja unapolala sambamba na ukingo wa chini wa daftari.

Chanzo ni picha moja iliyozoeleka. Vitabu na ubao huchora mraba ukiwa umekaa, pembetatu ikiwa na kitako chini, na mistari sambamba ikiwa imelala, kwa hiyo mwelekeo wenyewe unageuka kuwa sehemu ya maana ya umbo. Mwanafunzi hajakosea kuona. Ameona kwa usahihi kile kilichorudiwa mbele yake kwa miaka saba.

Ili kuthibitisha, chora mraba kwenye karatasi, mwulize jina lake, kisha izungushe karatasi taratibu mbele ya macho yake na umuulize ni wakati gani hasa mraba ulipoacha kuwa mraba. Wengi husita wakiwa katikati ya mzunguko, na huko kusita ndiko kunakofungua mlango. Tiba inafuata hapohapo: maumbo yakatwe kwenye karatasi ngumu, hata ya maboksi, yamwagwe mezani bila mpangilio, na vikundi viyapange katika mafungu vikieleza kigezo cha kila fungu. Weka ndani yake na maumbo yanayodanganya jicho, kama pembenne yenye pande karibu sawa lakini si sawa, au "pembetatu" yenye upande mmoja uliopinda kidogo. Umbo lisilo mfano hufundisha mpaka wa dhana kuliko mifano kumi iliyo sahihi.

Na mwalimu naye abadilishe mkono wake ubaoni. Kuchora umbo likiwa limeinama hakumgharimu kitu.

Dalili: pembe yenye mikono mirefu inaonekana kubwa zaidi

Chora pembe ya nyuzi 60 yenye mikono ya sentimita 3, na kando yake pembe ya nyuzi 40 yenye mikono ya sentimita 10, bila kuandika vipimo. Anayechagua ya pili kuwa kubwa anaiona pembe kama nafasi iliyofunikwa kwenye karatasi au kama urefu wa mistari, wala haioni kama kiasi cha kuzunguka.

Hapa kipimapembe hakisaidii, angalau si mwanzoni, kwa sababu mwanafunzi anaweza kusoma nyuzi kwa usahihi bila kujua amepima nini. Anza na mlango wa darasa ukifunguliwa kidogo kidogo, na mwanafunzi aseme ni lini umefika nusu ya pembe mraba. Kisha chukua karatasi iliyochanwa ovyo, isiyo na ukingo hata mmoja ulionyooka, uikunje mara moja upate mstari, halafu uikunje tena mstari huo ukijilalia wenyewe: kona inayopatikana ni pembe mraba, bila rula wala kifaa chochote kutoka kwenye mkebe. Ikikunjwa tena kwa nusu inatoa nyuzi 45. Kwa kona hizo mbili mkononi mwanafunzi anaweza kulizunguka darasa zima akikadiria pembe, na makadirio ndiyo yanayotakiwa.

Lipo kosa moja linalofanana na hili lakini si la fikra: kuandika nyuzi 140 mahali pa 40 kwa kusoma mstari usiofaa wa kipimapembe. Hilo linaondoka kwa kanuni moja ya darasa, kwamba hakuna anayepima kabla ya kuandika kama pembe ni kali au ni butu.

Dalili: sifa anazijua, lakini anakana kwamba mraba ni mstatili

Hii ndiyo dalili inayostahili muda mwingi kuliko zote, maana inakaa kwenye ukingo kati ya ngazi ya pili na ya tatu, na ndipo wanafunzi wengi wanapoishia.

Ukimwuliza ni sifa gani ya mstatili ambayo mraba hauna, atajibu bila kusita: "pande mbili ndefu na mbili fupi." Na amefundishwa hivyo. Fasili ya shule ya msingi iliyokusudiwa kumsaidia mtoto wa miaka tisa kutofautisha picha mbili imebaki kichwani kama sheria, na sasa inazuia uhusiano ambao sekondari inauhitaji. Kwa hiyo vyanzo ni viwili kwa pamoja: orodha ya sifa isiyo na mpangilio, na fasili moja mbovu ndani ya orodha hiyo. Cha pili kikiachwa, cha kwanza hakitibiki.

Tiba inayofanya kazi vizuri hapa ni fremu ya njiti za chelewa. Kata njiti mbili za sentimita 12 na mbili za sentimita 8, zifungwe kwenye kona kwa uzi ili zifanye pembenne, njiti zilizo sawa zikielekeana. Fundo likikaza mno fremu haipindi, likilegea mno kona zinatembea, hivyo wape muda wa kufunga upya. Pasipo chelewa, mirija ya soda yenye uzi uliopitishwa ndani yake inafaa. Kisha waisukume kona moja taratibu, na kwa kila hatua waandike katika safu mbili: kinachobadilika na kisichobadilika.

Pande hazibadiliki, kwa hiyo mzingo ni sentimita 40 wakati wote. Pande zinazoelekeana zinabaki sambamba, pembe zinazoelekeana zinabaki sawa, na pembe mbili zinazofuatana zinabaki na jumla ya nyuzi 180. Vinavyobadilika ni ukubwa wa pembe zenyewe, urefu wa milalo, kimo na eneo. Hapo kwenye eneo patakuwa na mabishano, kwani baadhi watashikilia kwamba pande zikiwa zilezile eneo nalo ni lilelile. Usiwakatize. Waambie waendelee kusukuma hadi fremu ikaribie kulala kabisa na waangalie kilichobaki ndani. Kona zikiwa mraba eneo ni sentimita za mraba 96. Pembe kali ikifika nyuzi 30 kimo ni sentimita 4, na eneo ni 48, nusu kamili. Wanafunzi wanaozidisha upande kwa upande kutafuta eneo la msambamba wanajisahihisha hapo wenyewe, na mwalimu anakuwa ametibu dalili mbili kwa fremu moja.

Sasa ndipo swali linapouliziwa: katika fremu zote hizi zilizopita mikononi mwenu, ni lini ilikuwa mstatili? Jibu litakuwa "pembe zilipokuwa mraba". Je, ilikuwa lazima tuziangalie pembe zote nne? Watagundua kwamba moja ilitosha, kwa kuwa nyingine tatu zinalazimika. Basi mstatili ni msambamba wenye pembe mraba moja. Fasili hiyo imetoka kwao, ni fupi, na haisemi lolote kuhusu pande ndefu na fupi. Wape fremu ya pili yenye njiti nne zilizo sawa, inayopita kwenye rombasi nyingi na kufika kwenye mraba mara moja tu, halafu uliza upya swali la tatu la karatasi ya uchunguzi. Atakayesema "mraba ni mstatili kwa sababu ni msambamba na una pembe mraba" amepanda ngazi. Anayehitaji mfano wa nje ya hisabati aambiwe kwamba kila kuku ni ndege ingawa si kila ndege ni kuku, lakini asiishie hapo, kwa sababu mfano unakubalika bila kufikiri na fasili haikubaliki hivyo.

Tahadhari moja kuhusu trapeza, pembenne yenye jozi ya pande sambamba: vitabu havikubaliani kama msambamba uhesabiwe kuwa aina ya trapeza au la. Mwalimu achague fasili moja, aitangaze, na aitumie mwaka mzima.

Dalili: anapima badala ya kutoa hoja

Swali la nne la uchunguzi litaleta majibu kama "kwa sababu nimepima nikapata 180", na wachache waaminifu watakaoandika 179 au 182. Mwalimu hukasirika na kuandika ubaoni uthibitisho wenye mstari uliochorwa kupita kwenye kilele sambamba na kitako. Darasa linanakili. Hakuna kilichobadilika, kwa sababu hakuna aliyekuwa na shaka, na asiye na shaka hauhitaji uthibitisho.

Hata lile zoezi maarufu la kuchana kona tatu za pembetatu na kuzipanga kwenye mstari mnyoofu, ingawa ni zuri, bado ni upimaji uliovaa nguo nyingine. Lina faida moja kubwa: linaonesha mstari mnyoofu, na mstari huo ndio unaodokeza wazo la kuchora sambamba. Litumie kama dokezo na ulitamke kuwa dokezo.

Haja ya hoja huja pale jambo lisilotarajiwa linapojitokeza. Kila mwanafunzi achore pembenne mbaya kadiri awezavyo, atafute katikati ya kila upande kwa rula, aziunge alama nne kwa mfululizo. Katika darasa zima, pembenne 70 zisizofanana zitatoa misambamba 70. Ukweli huu unaitwa kwa jina la Mfaransa Pierre Varignon na ulichapishwa mwaka 1731, baada ya kifo chake. Kelele zitakazofuata ndizo nafasi yako, kwa sababu sasa wao ndio wanaouliza kwa nini. Jibu lipo ndani ya uwezo wa Kidato cha Pili: chora ulalo mmoja, upate pembetatu mbili zinazoutumia kwa pamoja; katika kila pembetatu, kipande kinachounga katikati za pande mbili ni sambamba na ulalo huo na ni nusu yake; basi vipande hivyo viwili ni sambamba na ni sawa, na pembenne ya ndani haina njia ila kuwa msambamba. Wanaomaliza mapema waulizwe ni pembenne zipi hutoa rombasi ndani yake, na zipi hutoa mstatili. Ya kwanza hutokea milalo ikiwa sawa, ya pili milalo ikikatana kwa pembe mraba.

Dalili: uthibitisho umekaririwa, au kanuni inatumika pasipo mahali pake

Badilisha ABC iwe PQR na uizungushe pembetatu. Aliyekariri atanyamaza, au ataendelea kuandika ABC. Kwa upande wa kanuni ya Pythagoras, mpe pembetatu yenye pande za sentimita 5 na sentimita 6 na pembe ya nyuzi 60 kati yake, umwombe upande wa tatu. Akiandika mzizi wa 61, yaani kama sentimita 7.8, ujue anaikumbuka kanuni lakini haimwambii kitu.

Usimwambie amekosea. Mpe rula na kipimapembe aichore. Atapata kama sentimita 5.6, na tofauti hiyo ni kubwa mno kuitupia penseli butu. Sasa kuna la kuzungumza: nambari mbili haziwezi kuwa kweli pamoja, basi ni sharti gani la kanuni limevunjwa? Kwa wengi, hiyo ndiyo mara ya kwanza kuisoma sehemu ya mwanzo ya kanuni, ile inayodai pembe mraba.

Hapa pia fundi ujenzi anafaa kutajwa. Anapopiga skwea msingi wa nyumba, anapima sentimita 60 kwenye kamba moja na 80 kwenye nyingine, kisha anasogeza hadi umbali kati ya alama mbili uwe 100, ndipo anajua kona iko sawa. Mwanafunzi aulizwe kama fundi ametumia kanuni ya Pythagoras au kinyume chake. Fundi anazijua pande na anatafuta pembe, ilhali sisi tunaijua pembe na kutafuta upande. Kutofautisha hoja na kinyume chake ni kazi ya ngazi ya tatu, na sijaona mfano unaoieleza vizuri zaidi ya huo.

Dalili: haoni umbo lililo ndani ya umbo

Chora pembetatu, kisha mistari miwili kutoka kilele kimoja hadi kwenye kitako, na umwulize kuna pembetatu ngapi. Ziko sita. Anayejibu tatu anaona vipande tu, wala haoni kwamba vipande vinaweza kuunganishwa, na ndiye atakayeshindwa maswali ya mfanano ambamo pembetatu ndogo imelala juu ya kubwa. Azichore upya kila moja peke yake, upande mmoja wa daftari, na kuandika herufi zake. Kalamu mbili za rangi pia zinasaidia. Ni zoezi la kuchosha lakini halihitaji maelezo marefu, na likifanywa mara kwa mara matokeo yanaonekana upesi.

Kwa maumbo ya pande tatu dalili ni kingo zilizofichika kusahaulika. Leta maboksi ya dawa ya meno na ya majani ya chai, yafunuliwe na kufungwa tena. Mchemraba una namna 11 za kufunuliwa, na kundi linaloshindana kuzipata zote litajifunza zaidi ya lile lililooneshwa moja ubaoni.

Dalili: ubaoni anaweza, peke yake hawezi

Hili mara nyingi ni tatizo la mchoro kutosogea. Mwanafunzi ameona mfano mmoja uliochorwa na mwalimu na amedhani kila kilichoonekana humo ni lazima. Pale penye simu au projekta, programu ya bure ya GeoGebra, iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter mwaka 2001 alipokuwa Chuo Kikuu cha Salzburg, inafaa sana kwa sababu kona inavutwa kwa kidole na mchoro mzima unafuata. Agizo liwe "jenga mraba ambao ukivutwa haubomoki". Aliyechora kwa kukadiria atauona ukiharibika, aliyetumia duara na mistari inayokatana kwa pembe mraba atauona ukibaki mraba, na tofauti kati ya kuchora na kujenga itakuwa wazi bila mhadhara. Pasipo umeme, fremu za chelewa zinafanya sehemu kubwa ya kazi hiyohiyo.

Tiba ikikataa

Angalia muda kwanza. Dina van Hiele alipoliandikia ripoti darasa lake la watoto wa miaka 12, waliokuwa wakijifunza kwa kupanga vigae vya sakafu, alieleza kwamba ngazi ya kwanza hadi ya pili ilichukua vipindi 20 na ya pili hadi ya tatu vipindi 50. Vipindi viwili vya chelewa haviwezi kulipa deni la miaka saba, na mwalimu anayebanwa na ratiba ni afadhali atumie vipindi vinne kwa pembenne peke yake kuliko kimoja kimoja kwa kila umbo.

Pili, angalia kama kazi iliishia mikononi. Kukata na kukunja kusikofuatwa na mwanafunzi kueleza alichokiona, kwa sentensi kamili, kwa mwenzake na kisha daftarini, huacha kumbukumbu ya mchezo tu. Mwalimu aingize istilahi sahihi baada ya maelezo hayo, si kabla.

Tatu, rudia uchunguzi baada ya wiki tatu kwa maumbo mengine na herufi nyingine, na usitarajie ngazi moja kwa kila mada. Mwanafunzi anayetoa hoja safi kuhusu pembenne anaweza kurudi ngazi ya kwanza mnapoanza duara, akidhani kipenyo ni mstari mlalo tu na kwamba kitovu cha duara ni mahali jicho linapopaona kuwa katikati. Kabla ya kipindi cha kwanza cha duara, mpe kifuniko cha ndoo kisicho na alama na karatasi, umwombe akipate kitovu chake kwa kukunja, kisha aeleze kwa nini mikunjo miwili imetosha.